Jicho la Kushoto la Mwanakheri

Sheha Mjaka alipita nyumba kwa nyumba Jumamosi asubuhi, akawaambia watu wa Kiembe Samaki kwamba mwaka huu mtoto haandikwi skuli mpaka atazamwe macho kwanza. Aliitoa habari hiyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetangaza siku ya kusafisha kisima. Wanawake wengine walicheka, wakauliza kama mwakani yatahesabiwa na meno. Kazija hakucheka. Alikuwa amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka, na vidole vyake vikasimama.

"Yanatazamwaje hayo macho, Sheha?"

"Nasikia kuna karatasi kubwa ina alama, Bi Kazija. Mtoto anazibwa jicho moja, anaulizwa anaona nini. Kisha linazibwa la pili."

"Moja moja?"

"Moja moja, ndiyo."

Mumewe, Usi, alitoka ndani na kikombe cha chai mkononi. "Wetu yumo, Sheha. Mwandike. Mwanakheri binti Usi."

Sheha akaandika, akaenda zake. Kazija aliurudia ukili wake, akaona amesahau alipofika.

Usi alifanya kazi ya kufyeka majani kwenye kiwanja cha ndege. Hakujua kusoma. Kila karatasi aliyopewa kazini aliipiga dole gumba bila kujua imesema nini, na mara moja alipiga dole kwenye karatasi ya kukiri kosa ambalo hakulifanya. Tangu siku hiyo alikuwa akisema mwanawe atasoma, mwanamke au si mwanamke. Na mwana mwenyewe alikuwa huyo huyo mmoja. Walikwishazika wawili kabla yake. Siku ya kumzika wa pili, mama yake Usi alisema mbele ya watu, wala hakupunguza sauti, "Huyu mikono yake haishiki mtoto." Usi aliinamisha kichwa, asiseme kitu. Kazija alibaki na maneno yale, na ule ukimya uliofuata.

Ndiyo maana kulikuwa na jambo ambalo Usi hakulijua.

Miaka mitatu nyuma, msimu wa karafuu, Usi alivuka kwenda Pemba kuchuma. Siku moja Kazija alikuwa uani akivunja mbata kwa panga. Mwanakheri, wakati huo ana miaka minne, alikuwa amechutama mbele yake. Alimwambia asogee, mtoto akasogea kidogo tu. Panga liliposhuka, kipande chembamba cha kifuu kiliruka. Mtoto alipiga ukelele mmoja kisha akanyamaza, viganja viwili vimeziba jicho la kushoto. Kazija alipoviondoa, aliona chozi limechanganyika na damu, na mtoto anamtazama kwa jicho la kulia, anangoja aambiwe ni kitu gani kilichotokea.

Spitali haikuwa mbali. Lakini spitali wangeuliza, na majirani wangejua, na habari ingevuka kwenda Pemba kabla jicho halijapona. Kazija alilisafisha kwa maji ya vuguvugu na chumvi, akalifunga kitambaa, akamweka mtoto ndani siku tisa. Walioulizia aliwaambia ana macho mekundu. Siku ya kumi kitambaa kilipofunguliwa, jicho lilikuwa limefumbuka, lina chamba cheupe kidogo pembeni mwa mboni. Kazija alimziba jicho la kulia kwa kiganja, akamnyooshea ndizi mbivu. Mtoto alinyoosha mkono ukapita kando kabisa, ukawa unapapasa hewa.

Hakulijaribu tena jambo hilo. Usi aliporudi aliuliza, akaambiwa mtoto aliumwa macho mekundu, yamebakisha kichamba. Usi alimwinua mtoto juu akamtazama, akasema, "Alhamdulillahi, yamepona."

Sasa yatatazamwa moja moja.

Jumatatu jirani yake Sichana alimpeleka mwanawe Miraji kutazamwa, na Kazija akamwambia atamsindikiza. Walipanda gari la abiria mpaka Darajani, wakaingia uchochoro wa nyuma ya soko, penye nyumba ya ghorofa ambayo chumba chake cha chini kilikuwa na foleni ya wazazi na watoto mpaka nje. Sichana aliingia na mwanawe. Kazija alisimama dirishani.

Ukutani palitundikwa karatasi kubwa nyeupe. Haikuwa na herufi, kwa kuwa watoto walikuwa hawajasoma. Ilikuwa na alama moja tu iliyorudiwa, mfano wa kitana chenye meno matatu. Meno mara yalitazama juu, mara chini, mara upande. Alama ya kwanza ilikuwa kubwa kama sahani, na kila mstari ulioteremka ulikuwa na alama nyingi zaidi na ndogo zaidi. Bwana mmoja aliyevaa koti jeupe na kofia ya kiua alionesha kwa fimbo, na mtoto akanyoosha mkono kule meno yanakotazama.

Kazija hakujua kusoma, lakini alikuwa msusi wa mikeka. Akiuona mkeka mara moja kwenye harusi ya watu, alirudi nyumbani akausuka ule ule, rangi kwa rangi. Aliitazama karatasi ile kama anavyotazama mkeka. Juu. Kulia, chini. Kushoto, kushoto, juu. Mistari mitano. Miraji alipomaliza kutazamwa, Kazija alikuwa nayo yote kichwani.

"Mbona unazungumza peke yako?" Sichana alimuuliza njiani.

"Nna homa kidogo."

Kuanzia siku ile, kila Usi alipoondoka kwenda kazini, Kazija alimsimamisha Mwanakheri mbele ya ukuta wa jikoni. Alimwambia ni mchezo. Alishika mwiko akaugusa ukuta mtupu, na mtoto akanyoosha mkono: juu, kulia, chini, kushoto, kushoto, juu. Mwanakheri alishika upesi. Siku ya tatu akautia sauti, ukawa wimbo, akauimba akifagia, akauimba akioga.

Alhamisi Usi alirudi mapema. Mtoto alikuwa uani anaimba, mikono inakwenda huku na huku. Usi alisimama mlangoni akamtazama muda mrefu. Kazija alikuwa anakuna nazi.

"Wimbo gani huu?"

"Wa watoto tu," Kazija alijibu, bila kuinua uso.

"Mbona siujui?"

"Wa kwa kina Sichana."

Usi alicheka, akanyoosha mikono yake mikubwa, akamuiga mtoto. Juu, kulia, chini. Kazija aliendelea kukuna mpaka mbuzi ikamkwaruza kidole.

Zamu yao ilifika Jumatatu iliyofuata. Usi aliomba ruhusa ya kwenda nao, akanyimwa, na Kazija akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndani ya chumba kile cha nyuma ya soko, Bwana Msabah, ndivyo alivyoitwa mtazamaji, alikuwa amechoka. Foleni haikupungua tangu asubuhi. Alimkalisha Mwanakheri kwenye kiti, akamziba jicho la kushoto kwa kadi nyeusi. Mtoto alinyoosha mkono kila mara bila kukosea, na hapo hapakuwa na udanganyifu wowote. Jicho la kulia lilikuwa zima.

Kadi ikahamia kulia.

Kazija alisimama nyuma ya kiti. Fimbo ikagusa karatasi. Mwanakheri hakunyoosha mkono. Fimbo ikagusa tena, ikatoa mlio, na mlio ule ukamkumbusha mwiko. Mkono ukapanda juu. Kisha kulia. Kisha chini. Mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Katika mstari wa tano fimbo iliruka alama moja, mtoto hakujua, akaelekeza kushoto, na meno yalitazama kwingine.

Bwana Msabah aliishusha fimbo. Akawasha kurunzi, akainama karibu na uso wa mtoto.

"Chamba hiki cha tangu lini?"

"Kazaliwa nacho," alisema Kazija.

Msabah alimtazama. Nje mtoto mwingine alikuwa analia, na mtu anagombana kuhusu zamu. Alimtazama tena mtoto, akazima kurunzi. "Moja kakosa katika za mwisho. Si neno, watoto huchoka." Akaandika, akagonga muhuri, akamkabidhi Kazija karatasi.

Walipotoka, Mwanakheri aliuliza, "Mama, mbona wale wengine hawaimbi?"

Kazija alimziba mdomo kwa kiganja.

Usi aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaugusa ule muhuri, akaibandika juu ya mlango kwa ndani. Jioni alikwenda kumwambia Sheha, akamwambia imamu, akawaambia wenzake wa kufyeka majani. Alinunua ubao mdogo wa kuandikia na chaki. Skuli zilikuwa zimebakisha wiki tatu kufunguliwa. Kazija alipika wali wa nazi, akala tonge mbili, akajiambia kwamba limekwisha.

Siku ya tisa baada ya hapo Mwanakheri hakutaka kutoka uani. Alisema jua linamchoma. Kesho yake Kazija alimkuta chini ya kitanda, uso ameuelekeza ukutani.

"Unafanya nini huko?"

"Huku kuzuri. Hakuna mwanga."

Alimvuta nje. Jicho la kulia, lile zima, lilikuwa jekundu kuizunguka mboni, na machozi yanatiririka bila mtoto kulia. Kazija alijiambia ni vumbi. Alijiambia ni macho mekundu, ya kweli safari hii. Alilisafisha asubuhi na jioni, na Usi alipouliza alimjibu kwa maneno yale yale ya miaka mitatu nyuma, ambayo mdomo wake uliyajua.

Siku ya tatu ya wekundu ule alimpa mtoto kikombe cha chai. Mwanakheri alinyoosha mkono, ukapita kando ya kikombe, ukarudi, ukakigonga kikamwagika.

"Unacheza?"

"Sichezi, mama." Mtoto alisema polepole, kama anayeomba radhi. "Leo na hili pia lina ukungu."

Kazija alikaa chini pale pale palipomwagika chai. Neno lile, "na hili pia", lilimwambia kwamba mtoto alijua tangu zamani kwamba lile jingine halioni kitu, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Akilini alimuona Mwanakheri amekuwa mkubwa, ameketi kwenye pembe ya nyumba ya watu, anapapasa. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa hata siku ya panga. Kisha akanyanyuka, akambeba mtoto mgongoni ingawa alikuwa mzito sasa, akamfunika kichwa kwa kanga, akatoka kutafuta gari.

Foleni ya nyuma ya soko ilikuwa imekwisha siku ile. Bwana Msabah alikuwa peke yake, anapanga madaftari. Kazija hakusalimu hata.

"Hajazaliwa nacho," alisema. "Nlikuwa navunja mbata, kifuu kikamruka. Miaka mitatu sasa. Jicho lile halioni. Nlimfundisha ile karatasi yako, yote, nkamfanyia wimbo. Na sasa na la pili linazima. Nisaidie, Bwana. Ukitaka kunifunga nifunge, lakini mtazame kwanza."

Msabah aliyaweka madaftari chini. Alimsogeza mtoto kwenye kivuli, akamfunua jicho la kulia kwa vidole viwili. Kazija alimuona rangi ya uso inabadilika, na hilo lilimtisha kuliko ambavyo makelele yangemtisha.

"Nliona," Msabah alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ile nliliona jicho lile halichezi mbele ya kurunzi. Nkajiambia ntamwita tena, kisha foleni ikanivuta." Akachukua kofia yake. "Twende. Sasa hivi."

Daktari wa macho spitali alikuwa Mgoa mrefu mwenye mvi, aliyesema Kiswahili polepole, neno kwa neno. Alimtazama Mwanakheri kwa muda mrefu katika chumba chenye giza. Alipotoka aliketi mbele ya Kazija.

"Jicho lililotoboka likikaa, mara nyingine mwili hukasirika. Huanza kulishambulia na lile zima. Si kwa kila mtu. Lakini kwa huyu limeanza."

"Litapona?"

"Hilo la kushoto halina kazi tena, na sasa linamdhuru mwenzake. Lazima tulitoe. Kesho asubuhi. Na la kulia tutalipigania kwa dawa. Kuna dawa mpya. Sikuahidi kitu, mama. Ungekuja mwezi ujao ningekwambia nenda nyumbani."

"Kulitoa," Kazija alisema. Mjini kulikuwa na watu waliosema tangu zamani kwamba wazungu wa spitali hutoa macho ya watoto. Yeye mwenyewe alikuwa amelisema neno hilo kwa Sichana, ili apate sababu ya kuogopa mbele za watu.

"Baba yake yuko wapi? Nataka na ridhaa yake."

Alimwacha mtoto kwa muuguzi, akamshika muuguzi yule mkono. "Msimguse mpaka nirudi. Niapie." Muuguzi akaapa.

Kiwanja cha ndege kilikuwa na waya kukizunguka. Kazija aliuona mstari wa wafyekaji mbali, katikati ya jua la saa nane, na akamjua Usi kwa namna anavyorusha mkono. Aliita. Ndege ilikuwa inatua, ikaumeza wito wake. Aliita tena mpaka sauti ikamkatika. Mtu mmoja akamuona, akamgusa Usi bega.

Usi alikuja akikimbia, fyekeo mkononi. "Kuna nini? Mtoto?"

Kazija alimwambia kupitia waya. Alimwambia yote, kuanzia mbata mpaka wimbo, bila kujitetea, maneno yanatoka kama mtu anayetapika. Alipokuwa akisema aliangalia fyekeo. Hakuweza kuacha kuliangalia. Usi aliliinua kidogo, kisha akaliweka chini juu ya majani, taratibu sana, akakunja mikono kwapani kana kwamba anaizuia isitoke.

"Nlikuuliza," alisema. "Nliporudi Pemba nlikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ungenambia siku ile ningekupiga. Wallahi ningekupiga. Lakini jicho lingetazamwa."

Usi aliufuata waya mpaka langoni, akatoka, akaanza kutembea kuelekea mjini bila kungoja gari, na Kazija akamfuata nyuma hatua kumi, akiogopa kumkaribia na akiogopa kumwacha aende mbele. Gari liliwakuta njiani. Walikaa viti mbalimbali.

Huko spitali Usi aliwekewa karatasi ya ridhaa mbele yake. Alimtazama Bwana Msabah, aliyekuwa bado yupo, hakurudi kazini kwake.

"Nisomee yote. Usiruke neno."

Msabah alimsomea. Usi akamwambia arudie. Kisha akapiga dole gumba.

Asubuhi ya pili walikaa kwenye ukumbi mrefu wa spitali, kila mmoja upande wake. Mlango ulifungwa saa moja u nusu, ukafunguliwa saa tatu. Mwanakheri alitolewa kichwa kizima kimefungwa bandeji nyeupe, macho yote mawili yamefunikwa. Kazija alimsogelea, akaogopa kumgusa.

"Nani hapo?" mtoto aliuliza.

"Mimi, mwanangu."

"Washa taa, mama."

Usi aligeuka akaenda kusimama dirishani.

Siku kumi na nne walingoja. Dawa iliingizwa kwa sindano, nyingine ikadondoshwa jichoni, na mara mbili daktari alitikisa kichwa, akasema bado. Kazija alilala sakafuni kando ya kitanda. Aliacha kuomba mtoto aone sana. Aliomba aone kidogo, kisha akaomba aone mwanga tu, na kila alipopunguza aliona aibu kwamba anapatana na Mungu kama mtu wa sokoni. Siku ya kumi na tano bandeji ilifunguliwa chumbani mle mwenye giza. Mwanakheri alipepesa, akageuza kichwa upande wa mlango.

"Baba kavaa kanzu," alisema.

Usi, ambaye hakuwa amelia alipozika watoto wawili, alikaa chini kwenye saruji.

Mama yake Usi alikuja nyumbani baada ya wao kurudi. Alimpakata mjukuu wake alasiri nzima, akimpapasa nywele, asimtazame Kazija hata mara moja. Kazija alipika, akapakua, akangoja neno. Bibi alipofungua mdomo, Usi alimtangulia.

"Yameshasemwa humu ndani, mama. Yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Kwa miezi miwili Usi alimsemesha Kazija kwa mambo ya maji na kuni tu. Talaka haikutoka. Kazija alingoja kila Ijumaa itoke, haikutoka, na hakuthubutu kuuliza kwa nini, akiogopa kumkumbusha.

Mwezi wa tatu miwani ilifika, yenye kioo kizito upande wa kulia na kioo cheusi upande wa kushoto. Walimrudisha Mwanakheri nyuma ya soko atazamwe upya. Bwana Msabah alikuwa na karatasi nyingine, na sasa alionesha alama bila utaratibu, huku na kule, kwa kila mtoto. Usi alisimama upande mmoja wa kiti, Kazija upande mwingine. Fimbo ikagusa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkono wa mtoto ulikwenda polepole, ukapatia. Fimbo ikashuka mstari wa nne.

"Hapo sioni," alisema Mwanakheri.

Kazija alishika mgongo wa kiti. Msabah aliandika neno lile lile alilosema mtoto, akaongeza kwamba akalishwe mbele kabisa, karibu na ubao, na atazamwe kila miezi mitatu. Skuli ilimpokea, muhula umeshafika kati.

Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba ugonjwa ule unaweza kurudi mwaka wowote, hata mtoto akiwa mtu mzima. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya kumsuka nywele na kumfunga mtandio, Kazija alimsimamisha kizingitini akamgeuza aelekee barabara. Alimwambia amtajie kitu kimoja kilicho mbali. Mwanakheri alikunja uso, akatafuta. Ndani ya ule muda mfupi kabla hajajibu, Kazija hakuvuta pumzi.

"Kuna mtu na baiskeli," mtoto alisema asubuhi ya kwanza. "Kapakia ndoo."

"Ngapi?"

"Mbili. Moja haina kifuniko."

Kazija alipeleka macho barabarani, akamtafuta yule mtu mpaka akamuona. Kisha akamwachia mtoto mkono.